Lipu Mbichi

Tiketi alinunua Marzia, binti yangu,
zawadi ya kutimiza miaka sabini.
Saa mbili asubuhi foleni imeshauzunguka ukuta
kama mshipi uliokosa tundu.
Kiongozi wetu, Bi Ornella, amefunga soksi ya njano
kwenye ncha ya mwavuli. "Fuateni soksi," anasema,
"mimi mfupi, mtanipoteza."
Tukavaa hedifoni, sauti yake ikaingia fuvuni,
karibu kuliko sauti ya mke.

Sikutembea. Nilibebwa
na mabega, jasho, marashi, mtoto anayelilia maji.
Watakatifu walikuwa wengi hata wakawa kama majirani wa ghorofa:
unawapita bila salamu.
"Karne ya kumi na tano. Msisimame."
Mfiadini kachomwa mishale tisa, niliihesabu.
"Msisimame, nyuma yenu kuna watu elfu."

Mimi ni fundi. Miaka arobaini na minne
nimepiga lipu kuta za Ancona: majiko, zahanati,
vyoo vya shule ambayo siku hizi ni hoteli.
Hakuna aliyepanga foleni.
Hakuna aliyeinua shingo.

Kabla ya mlango wa mwisho Ornella akageuka:
"Humo ndani siruhusiwi kusema. Niulizeni sasa."
Mmoja akauliza choo kiko wapi.
Mwingine, iligharimu kiasi gani.
Mimi nilitaka kuuliza chokaa walichanganya na nini,
nikaona haya.

Tukaingia.
Watu wameshonana, nyuso zote juu,
vifaranga wanaosubiri mdomo wa mama.
Askari anapiga makofi: "Kimya! Hakuna picha!"
Kimya kinadumu pumzi tatu, kisha kinachemka tena.
Marzia ananionyesha vile vidole viwili
vinavyokaribia kugusana.
Nikavitazama. Vizuri.
Lakini jicho la fundi halitumwi, linakwenda lenyewe:
nikauona mshono.
Mstari mwembamba kama unywele, unalizunguka bega.
Hapa lipu ya jana iliishia, hapa ya leo ikaanza.
Maana lipu mbichi haina subira wala haijui cheo;
unapaka unachoweza kukimaliza kabla haijakauka,
kinachobaki unakikata, unashuka jukwaani, unaenda kula.
Nikakisia: kichwa, siku nzima.
Goti, nusu siku. Pengine mgongo ulimuuma.

Ndipo sikioni, pumzi.
Ornella alisahau kuzima kipaza sauti.
Sote ishirini na sita tukamsikia akimnong'oneza askari:
"Fausto, goti limegoma. Jumatatu wananipasua.
Baada ya hapo, sijui."
"Umeingia humu mara ngapi?"
"Niliachia elfu nne. Na unajua,
miaka mingi sijatazama juu.
Natazama soksi. Natazama vichwa, nisimwache mtu."

Kundi letu likanyamaza
kimya ambacho makofi hayajawahi kukileta.
Wengine wote wanavuma, sisi tumeganda.
Kisha pumzi ikavutwa, ndefu, ikashikwa.
Sikugeuka. Nilijua ameinua uso.

Hakuna aliyemwambia.
Nje, penye ngazi, akatuhesabu kwa kidole,
akarudia kuhesabu, akauliza: "Maswali?"
Nikauliza lile la chokaa.
Akanitazama kwa muda, kama mtu aliyeitwa
kwa jina lake la utotoni.
"Majivu ya volkano," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."
"Ndiyo maana imeshika," nikasema.
"Ndiyo maana."

Ngazi zilikuwa nyingi. Nikampa bega,
la kulia, lile lililozoea ndoo,
akashuka upande upande, akilalamika juu ya daktari,
na Marzia nyuma yetu akicheka.
Soksi ya njano niliishika mimi.
Watu nisiowajua wakaanza kunifuata.